Kutafuta Kazi Ungali Kazini

Wapo vijana wanaofika katika ofisi za parokia zetu za katikati ya jiji wakiwa na swali ambalo hawalitoi mara moja. Huanza na habari ya cheti cha ubatizo, au ya mafundisho ya ndoa, na wakiisha kuinuka ili waende zao ndipo huuliza: Je, Padre, ni dhambi kumwambia tajiri yangu kwamba ninaumwa, ili nipate kwenda kwenye usaili? Swali hili si dogo kama linavyosikika. Anayeuliza ana kazi, na ana mshahara japo haba. Tena amepigiwa simu saa kumi ya alasiri akiambiwa afike kesho yake saa tatu asubuhi katika jengo lililoko Posta au Masaki, kwa ajili ya saa moja ambayo huenda ikabadili maisha ya nyumba nzima. Asipokwenda, nafasi imempita. Akienda bila ruhusa, huenda akakosa vyote viwili. Na akisema kweli, wengi wao wanatueleza kwamba tajiri atamtafuta mtu mwingine wa kukaa dukani kabla huyu hajajibiwa huko alikokwenda.

Juu ya wasio na kazi kabisa husemwa mengi, na ni haki yasemwe. Lakini yule mwenye kazi mbaya anayetafuta iliyo njema hana msemaji. Jirani zake humwona mwenye bahati, na tajiri wake humwona mwenye tamaa. Tumeona vema basi tahariri hii imtazame yeye.

Tuanzie Kariakoo, maana ndiko wengi wao waliko. Jina lenyewe la mahali hapo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yaani watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Leo hii, katika mitaa ya Congo, Aggrey, Narung'ombe na Sikukuu, mfanyakazi wa duka la jumla huwapo mlangoni saa mbili asubuhi na huondoka baada ya milango kufungwa jioni. Mara nyingi mkataba wake ni wa mdomo, ingawa sheria inataka masharti ya kazi yaandikwe. Siku asiyoonekana hukatwa katika mshahara, na siku hiyo hiyo yupo kijana mwingine anayepita dukani akiuliza kama kuna nafasi. Mwezi Februari 2025 ulipozinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, wengine tulitumaini kwamba zamu za usiku zingemwachia mfanyakazi asubuhi yake. Lakini zamu haiji kwa uzinduzi. Huja pale mwenye duka anapokubali kumlipa mtu wa pili.

Wapo wanaosema: si aende wakati wa chakula? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika zisizopungua 60 baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo. Tufanye hesabu. Atoke Mtaa wa Congo hadi kituo cha mwendokasi cha Msimbazi, asimame kwenye foleni, ashuke Kivukoni, apande ghorofani, aandike jina mapokezi, kisha akae kwenye benchi pamoja na wenzake ishirini. Aliyeambiwa saa saba huitwa saa tisa. Hiyo saa moja haikutosha hata kwenda. Na kama usaili uko Masaki au Mikocheni, hesabu hiyo haina haja ya kufanywa.

Je, sheria hiyo hiyo haina likizo? Inayo. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, lakini mwajiri ndiye apangaye itachukuliwa lini. Naye aliyetimiza chini ya miezi sita kazini, kwa kawaida, hana haki ya likizo yenye malipo. Inatoa likizo ya ugonjwa, kwa cheti cha daktari. Inatoa siku zisizopungua nne za malipo kwa anayeuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Tumeisoma na hatuoni humo kifungu kinachomtengea mfanyakazi hata nusu siku ya kwenda kujieleza mbele ya mwajiri mwingine. Basi si ajabu kwamba anayehitaji nusu siku huiazima kutoka katika milango iliyopo: huugua asipougua, na hufiwa na bibi ambaye yu hai kijijini akipalilia mihogo yake.

Wala tusidhani kwamba wazo la kumpa mtu muda wa kutafuta kazi ni ndoto ya mapadre. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Namba 166 la mwaka 1982, lilisema kwamba mfanyakazi aliyepewa notisi ya kuachishwa kazi apewe muda wa kadiri, bila kukatwa mshahara, ili atafute kazi nyingine. Sheria ya madai ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900, ina kifungu cha namna hiyo hadi leo, nacho ni cha 629. Uingereza nayo, katika sheria yake ya haki za ajira ya mwaka 1996, inampa muda huo mfanyakazi anayepunguzwa kazini, mradi awe ametumika miaka miwili. Ni kweli kwamba pendekezo halilazimishi nchi yoyote kama mkataba uliotiwa saini. Na ukitazama kwa makini utaona kwamba vifungu hivi vyote vinamhurumia mtu ambaye ajira yake imekwisha kutangazwa mwisho. Yule ambaye bado yumo, na ambaye angependa aondoke kabla hajatolewa, hata huko ughaibuni huachwa ajipange mwenyewe na mwajiri wake.

Wazee wa Kariakoo wana kumbukumbu nyingine juu ya jambo hili. Wakati wa ukoloni mfanyakazi alibeba kipande kilichoandikwa siku alizofanya kazi, na siku isiyoandikwa ilikuwa si yake wala si ya mtu. Baadaye, kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mtu aliyekutwa mjini saa za kazi bila kitambulisho cha kuonyesha shughuli yake aliweza kukamatwa na kupelekwa vijijini. Sheria ilikuja na ikapita. Hata hivyo twaona kwamba mazoea ya fikra yamebaki: mtu wa saa nne asubuhi asiyekuwa mahali pake pa kazi bado ana la kujieleza, na mwenye duka bado hudhani kwamba pamoja na mikono ya kijana wake amenunua pia kesho yake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa huyo mtu anayeifanya. Kama ndivyo, kumtaka mtu afungwe na kazi kwa kunyimwa njia ya kuiona nyingine ni kumgeuza kuwa sehemu ya mali ya dukani.

Maandiko Matakatifu hayako kimya. Somo letu liko katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 31. Yakobo alimtumikia mjomba wake Labani miaka ishirini, na katika miaka hiyo Labani alimbadilishia ujira mara kumi. Ilipofika saa ya kuondoka, Yakobo hakuomba ruhusa. Aliwaita wake zake wamjie kondeni, penye mifugo, yaani mahali pake pa kazi, akazungumza nao huko huko. Akaondoka Labani alipokuwa amekwenda kukata manyoya ya kondoo wake. Siku ya tatu Labani akapata habari, akamfuatia mwendo wa siku saba. Na alipomfikia alisema nini? Alilalamika kwamba lau angeambiwa, angemwaga kwa furaha, kwa nyimbo, ngoma na kinubi! Wasomaji wetu waliowahi kuacha kazi watamtambua Labani mara moja. Matajiri wa namna hii hufanya sherehe kubwa za kuaga, ila huzifanya kwa maneno tu, na baada ya mtu kwenda. Yakobo alimjibu waziwazi kwamba aliogopa: aliogopa kunyang'anywa wake zake. Na Mungu, aliyekuwa amemwambia Yakobo arudi kwao, alimtokea Labani katika ndoto akamwonya asimguse.

Basi twajibu swali la kijana wetu. Kunyamaza si kusema uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2489, inafundisha kwamba hakuna anayebanwa kumfunulia kweli mtu asiyekuwa na haki ya kuijua. Tajiri ana haki ya kujua kama utakuwapo kesho asubuhi, na kama hutakuwapo, nani atashika nafasi yako. Hana haki ya kujua unakwenda wapi. Kusema “Ninaomba asubuhi ya kesho, nina shughuli yangu binafsi, nami nitafidia Jumamosi” ni kusema kweli tupu. Kazi ya kulisha watoto ni shughuli binafsi kama ilivyo arusi. Akiuliza zaidi, unaweza kusema kwa heshima kwamba ungependa isalie kuwa yako.

Lakini uongo wenyewe hatuwezi kuubariki, na hasa uongo wa msiba. Hatusemi hivyo kwa sababu ya amri peke yake. Tazameni jinsi unavyofanya kazi. Kijana wa kwanza humzika bibi yake ili aende usaili Upanga. Wa pili, miezi miwili baadaye, humzika shangazi. Wa tatu anapofiwa kweli na mama yake mzazi huko Songea au Bukoba, tajiri amekwisha kuwa mkali, anadai picha za mazishi na barua ya mwenyekiti wa kijiji, na kijana anakosa basi la alfajiri akiitafuta barua hiyo. Aliyedanganya hakumdanganya tajiri tu. Amekula ruhusa ya mwenzake wa benchi moja. Hali kadhalika cheti cha kununua katika zahanati: kinamharibu mganga aliyekiandika, na kinamfanya mgonjwa wa kweli asisadikiwe. Tunajua wapo watakaosema kwamba Padre hajui njaa. Tunawajibu kwamba tumezika wengi, na msiba tunaujua.

Liko na jambo la pili ambalo Yakobo mwenyewe hakulijua. Raheli aliondoka na vinyago vya nyumba ya baba yake, akavificha chini ya matandiko ya ngamia. Siku hizi hakuna anayeiba vinyago. Huondoka na daftari la wateja, na namba za simu za wasambazaji, na siri ya bei ya kununulia, ili akaonyeshe kwenye usaili kwamba anaijua biashara. Uzoefu wako ni wako, nao umeulipia kwa miguu iliyovimba. Daftari ni la mwenye duka. Tena usiandike barua yako ya maombi kwa karatasi zake, wala usipokee simu ya mahojiano nyuma ya rafu huku mteja wa vitenge akingoja. Si kwamba tajiri atakusikia, ingawa atakusikia. Ni kwamba saa hiyo umeiuza tayari.

Tumesema na watoto. Sasa tuseme na wakubwa. Sehemu kubwa ya shida hii hufanywa na wale wanaoita watu. Mwezi Juni 2014, kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, zaidi ya watu 10,000 walikusanywa katika Uwanja wa Taifa hapa Dar es Salaam kwa usaili. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi zaidi ya 130,000 kwa nafasi 1,596, ikawasaili waombaji katika mikoa kadhaa ili wasilazimike wote kufunga safari moja. Hiyo ilikuwa hatua njema, nasi twaisifu. Lakini katika umati wa namna hiyo, mwenye kazi ndiye anayeumia kwa njia isiyoonekana. Asiye na kazi hutoa nauli na siku yake. Mwenye kazi hutoa nauli, na siku, na usalama wa mkate alio nao. Na usaili wa serikali hauishi kwa siku moja, kwani baada ya mchujo wa kuandika yapo mahojiano, na kwa kada nyingine yapo ya vitendo kati yake. Ni ruhusa mbili au tatu, kwa mtu asiyeweza kupata hata moja.

Aliye mtumishi wa umma ana fundo lake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka apitishe barua ya maombi kwa mwajiri wake. Tunaelewa sababu: serikali haitaki kujinyang'anya watu yenyewe kwa yenyewe bila kujua. Hata hivyo barua inayolala mezani kwa mkuu wa idara mpaka tarehe ya mwisho ipite imekataliwa bila mtu yeyote kutia saini ya kukataa. Mkuu wa idara aliye Mkristo, na aliye Mwislamu mcha Mungu vile vile, ajue kwamba kukalia barua ya mtu ni uamuzi, na ataulizwa juu yake.

Reli mpya imepunguza ugumu mmoja. Tangu treni za abiria za Dodoma zilipoanza Julai 2024, mtu wa Kariakoo anaweza kwenda usaili makao makuu na kurudi siku ile ile, jambo ambalo kwa basi lilikuwa mateso. Lakini nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo, shilingi 31,000 kwa upande mmoja, ikizidishwa mara mbili hufika shilingi 62,000. Kima cha chini cha sekta ya biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo msomaji aifanye mwenyewe, akiongeza sahani moja ya wali.

Kwa makampuni binafsi ombi letu ni jepesi zaidi, kwa kuwa hakuna sheria inayowazuia kulitimiza kesho asubuhi. Mwiteni mtu siku tano kabla, wala si jioni ya leo kwa asubuhi ya kesho. Tengeni saa za baada ya kumi na moja jioni, au Jumamosi. Mkimwambia saa tatu, awe ndani saa tatu. Mahojiano ya kwanza, ambayo aghalabu ni ya kusikia sauti na kuhakiki vyeti, yafanyeni kwa simu usiku. Na juu ya yote, msimpigie simu mwajiri wake wa sasa kumwulizia tabia zake kabla yeye hajawaruhusu. Simu moja ya namna hiyo imewahi kumfukuzisha mtu kazi ambayo alikuwa bado anaihitaji. Kama hamna budi kuchagua Jumapili, basi mfanyakazi Mkatoliki akumbuke kwamba Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika, asije akadhani ameambiwa achague kati ya Mungu na mkate.

Wenye maduka wa Kariakoo, ambao si wachache kati yao huketi viti vya mbele kanisani, nao wasikie. Mnaogopa kwamba ruhusa itawaondolea watu. Watu mnawapoteza hata hivyo, tena kwa ghafla, siku ya mzigo kushuka, kwa sababu anayeogopa kusema huondoka kama Yakobo. Tajiri anayejulikana kuwa hutoa asubuhi moja bila kuhoji sana huambiwa mapema, naye hupata muda wa kumfundisha mwingine kazi. Nasi wakuu wa shule, zahanati na ofisi za Kanisa hatumo nje ya neno hili. Mwalimu wa shule ya parokia anayeitwa kwenye usaili wa serikali hajaisaliti imani. Tukimnunia, hatutakuwa na uso wa kumwambia mwenye duka lolote.

Jumuiya Ndogo Ndogo na VIWAWA zina la kufanya ambalo halihitaji harambee. Pale ambapo tajiri amekubali, mwenzako anaweza kukushikia meza asubuhi moja, nawe ukamshikia yake mwezi ujao. Ofisi ya parokia inaweza kutoa chumba kimoja kilicho kimya, chenye umeme na intaneti, kwa anayehojiwa kwa simu jioni. Shati la heshima laweza kuazimwa. Hayo yote yalikuwapo kwetu kwa ajili ya harusi na misiba tangu zamani.

Na aliyepata kazi mpya asikimbie. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28, iwe ya maandishi. Aliye katika mwezi wa kwanza wa ajira yake, siku saba. Aikabidhi, abaki na nakala yenye tarehe, ahesabu mali pamoja na tajiri wake mbele ya shahidi, arudishe funguo. Kisha adai cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri kukitoa ajira inapokoma, na ambacho mwajiri wa tatu, miaka kumi baadaye, atakiomba. Asiyejua namna ya kuandika notisi, na mwenye duka asiyejua namna ya kuandika cheti, wote wafike ofisi ya Tume Jumamosi alasiri au jioni yoyote baada ya saa kumi na mbili. Asubuhi hatuwatazamii, maana tunajua hamtapewa ruhusa.